Nilifua Daftari la Mjukuu Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikiachiwa nafasi nitatafuta wa kumtupia: vita, ibilisi, wifi yangu, hata mtoto mwenyewe. Hapana! Mkono uliofanya ni huu huu ninaoandikia.

Jina sitoi. Ninakaa Nyamirambo, na kama unaijua Nyamirambo, unajua kwamba ukipiga chafya bombani, umeshapewa pole ya mafua hujafika nyumbani kwako. Nikitia jina hapa, kesho sina pa kuficha uso.

Mimi ni mfuaji nguo. Usinidharau! Kuna wafuaji na kuna mimi. Damu, kutu, chai, mafuta ya mawese, udongo mwekundu wa Kigali hii unaoingia mpaka kwenye nyuzi, hakuna doa lililowahi kunishinda. Kanzu za Idi za nusu ya mtaa huu zimepita kwenye karai langu. Watu wanasema, ukitaka kujua nyeupe ni nini, pita uani kwa yule mama jua likiwa kali.

Basi kiburi changu chote kilikaa hapo. Kwenye weupe.

Shule nilisoma miaka miwili tu, baba akasema inatosha. Herufi nazijua, Kiswahili nakisoma kwa kidole, polepole. Kifaransa kwangu ni ukuta.

Lakini nina mjukuu wa kike. Nitamwita Mwamini, ingawa si jina lake. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki huyu hajaota meno. Amekulia kati ya karai na kamba ya nguo. Nilikuwa nafua naye mgongoni, nikimimina maji naye anacheka.

Ana akili mtoto yule! Jirani akipata barua ya Kifaransa kutoka ofisini, hamtafuti mwanamume mwenye tai, anakuja kwangu kuuliza, "Mwamini yuko?" Nami natoka nikisema, "Subiri, anakula." Hata kama hali! Nilitaka tu mtu asubiri kidogo mlangoni kwangu.

Mtihani wa kuingia kolegi, yaani sekondari, mara ya kwanza alianguka. Karatasi ile ni moja kwa nchi nzima, nafasi ni chache, na wenye kuzitaka hawahesabiki. Alipita vizuri kote isipokuwa sehemu moja ya Kifaransa. Pale wanakupa sentensi iliyoharibika, wanakuambia uitengeneze.

"Nyanya," aliniambia, "kosa lenyewe silioni. Linaonekana kama liko sawa. Sisi sote tunaongea hivyo hivyo."

Shule ikamrudishia benchi, arudie darasa mwaka mmoja. Wakamwambia wazi: mara hii tu, ya tatu hakuna, benchi ni la wengine.

Sasa bondeni kwetu alikuwepo mwalimu mmoja mzee, amestaafu. Maisha yake yote ya kufundisha mtu huyu alikuwa akiokota makosa kama wengine wanavyookota kuni. Kila kosa wanafunzi walilolirudia mwaka hata mwaka, aliliandika kwenye daftari moja nene lenye jalada jeusi. Hakumwazima mtu. Wanafunzi walikaa kwenye kibaraza chake, yeye anasoma, wao wanasikiliza, basi.

Mwaka ule macho yake yakaanza kuzima. Akawa anasafiri kwenda kwao kusini, kuna masista wanatibu macho. Wiki moja kabla ya mtihani akamwita Mwamini.

"Mwanangu, mimi nakwenda. Daftari hii nakupa wewe, sababu wewe ndiye ulikuwa unauliza kwa nini. Wengine wanauliza lini tunamaliza. Soma yote. Nikirudi utanipa."

Mwamini alilileta nyumbani amelibeba kwa mikono miwili kama yai. Akakaa karibu yangu, akalifungua.

"Nyanya, ona. Hii ya penseli ni..."

Nikamkata! "Madaftari nimeyaona kabla mama yako hajazaliwa. Soma, usinifundishe."

Laiti ningenyamaza! Neno lililokuwa linafuata ndilo lingetuokoa sote wawili. Nililikata kwa sababu sikutaka mtoto nimfutaye kamasi anieleze kitu. Nikabaki nikidhani ni daftari lake la mazoezi, limesahihishwa na mwalimu.

Jumatano yake wifi yangu akaja. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na mjukuu wake wa kiume alishaingia kolegi mwaka mmoja kabla. Tangu siku ile haketi kwenye kigoda, anataka kiti.

Alikuja kupanga dua. Sisi Waislamu wa hapa, mtoto akiwa na mtihani mkubwa, tunaita wazee siku ya Ijumaa baada ya alasiri. Sinia linawekwa katikati ya mkeka, juu yake kalamu ya mtoto, glasi ya maji na daftari lake. Shehe anasoma, kisha sinia linapita mkono kwa mkono. Kila mtu analigusa daftari, wengine wanalifungua, wanapuliza, wanasema amina.

Wifi akalichukua lile daftari mezani. Akafunua kurasa. Akaacha mdomo wazi.

"Yewe! Wifi! Humu mmechinjia kuku?"

Nikatazama. Mungu wangu! Kila ukurasa, chini ya kila mstari wa penseli, palikuwa na mstari wa maneno ya wino mwekundu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka mwisho.

Katika miaka yangu miwili ya shule, nyekundu ilikuwa na maana moja tu. Ilikuwa ni fimbo.

"Mtoto anajitahidi," nikasema.

"Naona anavyojitahidi!" Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Sha, wa kwangu alikuwa anapata nyekundu moja, mbili, za kumkumbusha. Huyu wako amevuja damu mwili mzima. Na Ijumaa litapita mikononi mwa watu wote hao! Shehe atatusomea dua au atatusomea hitima?"

Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nawaka.

Alhamisi nilimtazama tu Mwamini akisoma, midomo inacheza, kidole kinatoka kwenye penseli kinakwenda kwenye nyekundu, kinarudi. Ningeweza kuuliza. Mdomo ninao! Lakini ningeulizaje, nami nilishasema najua?

Ijumaa asubuhi akaondoka kwenda shule kuchukua namba yake ya mtihani. "Nyanya, nimefika katikati ya daftari. Jumamosi na Jumapili namaliza nusu iliyobaki, halafu narudia yote tangu mwanzo. Nyekundu tu. Nikizishika hizo, nimepita."

Aliniambia hivyo kwa kinywa chake! Nami nilisikia "nyekundu" nikaona aibu, sikusikia lingine.

Alipopotea tu kwenye kona, nikatoa javeli, yale maji makali ya kung'arishia nguo nyeupe.

Nitakueleza nilivyofanya, maana ufundi huu nilijivunia. Nilichanganya javeli na maji kwenye kikombe, kidogo kidogo, nikajaribu kwanza kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho. Nikachukua unyoya wa kuku. Kitambaa kitaloanisha karatasi, brashi itachana, lakini unyoya unapita kama pumzi. Nikapita nao juu ya mstari mwekundu. Ukawa wa waridi. Ukawa wa njano. Ukaondoka.

Penseli haikuguswa! Penseli haiogopi javeli. Nikafurahi hasa: nikasema, kazi ya mtoto imebaki, matusi ya mwalimu yametoka.

Kila ukurasa niliukausha kwa kitambaa cha pamba, kisha pasi ya mkaa iliyopoa, juu juu. Nilianza jua likiwa changa, nikamaliza adhana ya alasiri ikianza. Hata chakula cha wageni niliwaachia majirani wapike. Vidole vilikuwa vinaniwasha, naimba.

Nililiweka kwenye sinia. Jeupe kama kanzu!

Wageni wakajaa mkekani. Shehe akasoma. Sinia likaanza kutembea. Nilikuwa namtazama mtu mmoja tu, nawe unamjua. Likamfikia. Akafungua katikati, akafungua nyuma, akarudi mwanzo.

"Hee," akasema.

"Soma tu, wifi," nikamwambia mbele za watu. "Tafuta kuku."

Mzee mmoja akalichukua, akaliinua wote walione. "Mashallah! Daftari zima, hakuna kosa hata moja!"

Hapo nikapanda juu ya mlima wangu. "Wa kwangu hakosei," nikasema. "Damu haipotei. Mimi sina doa, naye hana doa."

Mwamini alikuwa ameingia wakati huo, amekaa mwisho wa mkeka, namba yake ya mtihani mkononi. Sinia likamfika. Akalishika daftari kwa ile mikono miwili yake. Akalifungua.

Sura yake sitaisahau hata nikifa. Hakupiga kelele. Akafunua ukurasa wa pili. Wa tatu. Akalifunga polepole, na watu walipoitikia amina, naye akaitikia.

Wageni walipoondoka akaja uani, nilipokuwa naosha sahani.

"Nyanya. Nyekundu iko wapi?"

"Nimekusafishia. Umeona wifi alivyonywea? Umeona?"

"Nyanya, nyekundu iko wapi?"

Nikamwonyesha kikombe na unyoya. Akaketi chini kwenye tope, na gauni lake la dua.

Ndipo akanieleza, na safari hii nilimwacha amalize. Ya penseli ilikuwa sentensi mbovu, vile wanafunzi wanavyokosea. Mwalimu mwenyewe aliiandika, si yeye. Nyekundu ndiyo sentensi iliyonyooka, na sababu yake. Kila nyekundu ilikuwa dawa ya ugonjwa ulioandikwa juu yake.

Nilifua dawa! Nikabakisha ugonjwa, kitabu kizima, umenyooshwa kwa pasi!

Jumamosi asubuhi tulishuka bondeni wote wawili, mimi viatu mkononi. Mlango wa mwalimu una kufuli. Jirani akasema aliondoka jana yake na basi la alfajiri, na kwa vizuizi vya vita vilivyo barabarani, akifika leo ni bahati.

Mwamini akasema kuna mwanafunzi mwenzake Kimironko, alikuwa anaandika haraka kule kibarazani mwalimu akisoma. Tukaenda. Mji mzima tuliuvuka, sehemu kubwa kwa miguu. Yule msichana alitusikiliza vizuri, hata maji alitupa. Kisha akasema kwa adabu:

"Mama, nisamehe. Nafasi ni chache. Nikimpa yeye nilizoandika, mimi nitapewa na nani?"

Ningekuwa nyanya yake, ningemfundisha hivyo hivyo.

Jumapili Mwamini alikaa na lile daftari tangu asubuhi. Nusu aliyokwisha kuisoma alijaribu kuikumbuka, akaandika hapa, akafuta, akaandika tena. Kwenye ile nusu nyingine akawa anazitazama sentensi za penseli, anazisoma moja moja kwa sauti. Nami nimekaa mbele yake, nimejaa maneno, simfai kitu. Kila akimaliza ananitazama, na mimi natikisa kichwa kama mbuzi. Najua nini mimi?

"Acha, mwanangu. Pumzika."

"Nikiacha nitakuwa na nini, Nyanya?"

Jumatatu alikwenda. Kalamu yake ilikuwa imesomewa dua, maji alikunywa, nywele nilimsuka vizuri. Aliporudi nilimpa chakula, sikuuliza. Akasema mwenyewe.

"Zilikuwepo. Sita nilizijua palepale, zile zile za penseli, neno kwa neno. Nikazisoma, nikatafuta ya chini yake. Nikaona karatasi nyeupe."

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwepo. Nilisoma kwa kidole mara tatu, juu mpaka chini. Jina la yule msichana wa Kimironko lilikuwepo.

Sasa sikiliza, maana mpaka hapa unaweza kusema, maskini bibi, alikosa kwa kutokujua. Ngoja. Kosa lililonileta kuandika barua hii ni hili linalokuja.

Wifi alinikuta bombani, watu wamepanga ndoo.

"Wifi, pole. Lakini ile dua tuliona daftari safi kabisa! Imekuwaje tena?"

Wote wakanigeukia. Ningesema, "Ni mimi." Maneno mawili tu! Nikaangalia wale wanawake ambao nimewafulia kanzu za waume zao, ninaowaambia kila siku kwamba mimi sina doa.

"Mtoto wa siku hizi!" nikasema. "Anakuandikia vizuri nyumbani, kichwani hamna kitu. Uvivu! Nimemlea kwa tabu, naye ananilipa hivi."

Wakanipa pole. Pole zao nikazipokea, nikabeba na ndoo.

Mwamini alisikia. Nyamirambo hii, asisikie vipi? Tangu siku ile watoto wakamwita Daftari Safi. Akipita, wanaimba. Jirani wa barua za Kifaransa akahamia kwa mtu mwingine. Na Mwamini, mtoto niliyempaka matope, hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja. Alinisitiri! Mimi niliyemvua nguo hadharani, yeye akanifunika.

Mwalimu alirudi katikati ya mwezi wa saba. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, ameshikwa mkono na binti yake. Niliposikia sauti yake nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya pazia.

"Mwamini, mtoto yangu. Daftari yangu iko?"

"Ipo, mwalimu."

"Nisomee ukurasa wa kwanza, nisikie sauti yako."

Akasoma mstari wa penseli.

"Na nyekundu yake?"

Nikasikia mzee amelichukua, anapapasa kurasa kwa viganja. Kurasa zilikuwa zimeanza kuwa njano na kukatika, javeli haimalizi kazi siku ile ile. Kisha akalipeleka puani.

"Imekuwaje?"

"Mvua, mwalimu," mjukuu wangu akasema. "Paa letu linavuja."

Mwezi wa saba! Kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye kope! Na kipofu yule ana pua, na javeli inanuka nyumba nzima kila siku ya Mungu.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Pazia si ukuta. Nikasimama.

"Mvua," mwalimu akasema, polepole. "Basi mvua hiyo ilikuwa na hasira sana na mimi."

"Huzikumbuki, mwalimu? Tungeandika tena. Mimi naandika, wewe unasema."

"Ziko mia nyingi, mwanangu. Niliziandika ili nisizikumbuke."

Akamrudishia daftari mkononi, akaondoka. Hakuja tena. Kibarazani kwake hakuna wanafunzi sasa, kipofu bila daftari hana cha kufundishia.

Mwaka umepita. Mwamini anafua na mimi. Vidole vyake vimeanza kuchubuka kama vyangu. Ni hodari! Amenishinda kwenye makola, amenishinda kwenye pindo. Wateja wanasema, "Huyu shule ilimkataa, lakini kazi anaijua," nami nasimama pale, sisemi.

Juzi ililetwa shati ya mtu wa ofisini, kalamu imemvujia mfukoni. Wino mwekundu. Mwamini akaitandaza juu ya mbao, akaitazama kwa muda. Akaenda akaleta kikombe na unyoya. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nyanya," akaniuliza, "hii nayo niitoe?"

Nikaingia ndani, nikatafuta karatasi, nikaanza kuandika haya unayosoma. Siku nne zimepita na sijamaliza, mkono hauna mazoea.

Nimejaribu kumwambia wifi. Mara mbili nimevaa mtandio, nimefika mpaka mlangoni kwake, nimerudi. Sitamwambia, najijua. Nitakufa nikiwa mama asiye na doa, watu watanisifu kaburini, na mtoto atakuwa pale anasikia.

Wewe mwenye mtoto anayesoma, nawe hukusoma, nakuomba. Ukikuta kitu kwenye daftari lake usichokielewa, usikiguse. Muulize! Muulize hata kama ni mdogo, hata kama unamfuta kamasi, hata kama jana ulijifanya unajua. Na ukishaharibu, sema siku ile ile, watu wakiwa bado bombani. Aibu ya siku ya kwanza inafulika. Ikilala, inashika.

Na ukipita Nyamirambo siku ya jua, ukaona uani msichana anaanika mashuka meupe kuliko yote mtaani, watoto wanamwimbia, tafadhali usicheke nao. Huyo hakukosea hata mstari mmoja. Aliyekosea yuko hapo nyuma yake kivulini, anakunja nguo, amenyamaza.